Kamba Iliyopima Nyumba ya Wagonjwa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana ninakowapeleka kuna giza la mchana. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kijiji. Jina lake limekwenda pamoja na waliokiita. Katika kijiji hicho kila kazi ilikuwa na kamba yake. Kamba ya nyumba ilisukwa kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ikapakwa mafuta ya nazi, ikakaa kwa fundi mjenzi. Kamba ya kaburi ilisukwa kwa ukindu mweusi, ikakaa juu ya jeneza. Kamba ya nyumba haikushuka kaburini. Kamba ya kaburi haikuvuka kizingiti. Na kila walipozika, wachimbaji walipiga fundo moja katika kamba ile ya ukindu. Ikijaa mafundo, nayo huzikwa, ikasukwa nyingine.

Hiyo ndiyo ada. Ishikeni, tutaihitaji njiani.

Fundi wa kijiji hicho aliitwa Makame. Ukuta wa Makame ukiupigia mstari, watu walisema, mstari ndio unaopinda. Alioa mwanamke jina lake Sihaba, mwembamba wa mwili, mpana wa ulimi, na walipendana kwa magombano.

Ukaja mwaka wa ndui. Jumbe akamwita Makame.

"Fundi, nataka nyumba ya wagonjwa. Isimame kabla ya masika. Kila auguaye aingie humo, asituambukize."

"Kabla ya masika, Jumbe? Siku zimebaki saba."

"Basi usizipunguze kwa maneno."

Makame akaenda kuitwaa kamba yake. Akakuta panya wameila. Vilibaki vipande, kimoja cha kufungia mbuzi na kimoja kisichofunga kitu. Kusuka kamba mpya ni kazi ya siku saba peke yake: kuloweka usumba, kuuponda, kuusokota. Akatembea akifikiri, na miguu ikampitisha penye jeneza. Juu ya jeneza palikuwa na kamba mpya ya ukindu, nyeusi, laini, haijapigwa fundo hata moja.

Makame akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasema moyoni, "Dhiraa ni dhiraa. Kamba haina macho."

Akaitia ndani ya kanzu, akaenda zake.

Nyumba ikapimwa. Nyumba ikapanda. Lakini jambo lilikuwa hivi: alipoinyoosha kamba ili apime upana wa chumba, ilijikunja ilipotaka. Vyumba vikatoka vyembamba, kila kimoja urefu wa mtu, upana wa mabega. Mlango ukatoka wa kuingia mmoja, tena kwa ubavu. Alipotaka kupima dirisha, kamba ililegea mkononi, haikuonyesha pa kuanzia wala pa kuishia. Kamba ya kaburi haina kipimo cha dirisha.

"Dirisha la nini?" akawaambia waliomtazama. "Dirisha huingiza upepo, upepo hutembeza maradhi."

Watu wakasema, "Fundi anajua."

Siku ya saba nyumba ikasimama, nyeupe kwa chokaa, imara, nzuri ya kutazamwa. Jumbe akamvika Makame kilemba. Jioni hiyo Makame alitaka kuirudisha kamba penye jeneza, na wachimbaji wasijue. Lakini mchana ule alikuwa ameingizwa mgonjwa wa kwanza, naye alikuwa amekwisha kufa. Makame alipoishika kamba, vidole vyake vilikuta fundo.

Hakulipiga yeye. Hakulipiga mtu.

Akaisokomeza kamba ndani ya mtungi, akaufunika mtungi kwa kawa, akaweka jiwe juu ya kawa. Wachimbaji waliitafuta kamba yao, wakaikosa, wakasuka nyingine.

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Aliingia mama yake Faki, ana homa nyepesi, akitembea kwa miguu yake, akimgombeza mwanawe kwamba uji hauna chumvi. Akatoka juu ya jeneza. Aliingia kijana mwenye mwiba mguuni. Akatoka juu ya jeneza. Aliingia msafiri aliyeokotwa njiani, hana sauti, hakuna aliyemjua jina wala kabila. Akatoka juu ya jeneza. Ndui ilipita, ikaenda vijiji vingine. Watu wakaendelea kufa katika nyumba ile, kwa mafua, kwa jipu, kwa kikohozi.

Na kila alipokufa mtu, mtungini kulisikika sauti: kwiii. Makame alijua bila kufunua.

Kisha akaugua Sihaba.

Asubuhi moja hakumgombeza mumewe, na Makame akaogopa. Akamgusa paji, likamchoma. Akafunga mlango wa mbele. Akafunga mlango wa uani. Lakini kijiji hakina ukuta wa masikio. Wakaja vijana wanne na machela, na Faki mbele yao.

"Hodi, fundi. Tumekuja kumchukua mke wako. Amri ya Jumbe."

"Ana uchovu tu. Atalala hapa, ataamka."

"Mama yangu naye alikuwa na uchovu tu," akasema Faki. "Vipi, fundi? Mpishi anaogopa chungu chake?"

Vijana wakacheka. Makame akafungua kinywa. Neno likafika kwenye meno. Akalimeza. Sihaba akajiinua kwa kiwiko, akasema, "Niache niende, mume wangu. Watu wasije wakasema umewajengea wenzako nyumba usiyoiamini."

Akapelekwa. Akaingizwa kwa ubavu.

Makame akakaa nje ya mlango, maana ndani hapakuwa na nafasi ya watu wawili. Jua likapanda. Kivuli cha mtu kikawa dhiraa, kikawa shubiri, kikawa wanda, upana wa kidole kimoja, kikaingia chini ya nyayo. Adhuhuri ilipotimia, kuku walinyamaza. Upepo ulinyamaza. Kisha nyumba ikavuta pumzi: hhuuu. Na kutoka katika chokaa, si juu wala chini, ikatoka sauti isiyo ya mume wala ya mke:

*Umelala, umekaa, mwana wa nani mgeni?*
*Mama aliyekuzaa, aliitwa jina gani?*

Sauti ikakatika. Kuku wakawika tena.

"Mume wangu," Sihaba akaita kwa ndani. "Ni nani anayeniuliza humu?"

"Umemjibu?"

"Koo lilikuwa kavu. Sikujibu. Lakini ameuliza kwa adabu, Makame. Ni vigumu kumnyima jibu mtu mwenye adabu."

Makame akakimbia nyumbani, akaondoa jiwe, akafunua mtungi. Mafundo yalikuwa kumi na moja. Na mbele ya la kumi na moja palikuwa na kitanzi, kimelegea, mfano wa fundo linalosubiri kukazwa.

Siku ya pili, adhuhuri, nyumba ikavuta pumzi: hhuuu.

*Umelala, umekaa, mwana wa nani mgeni?*
*Mama aliyekuzaa, aliitwa jina gani?*

Makame akasikia midomo ya mkewe ikifunguka. Akaupiga mlango kwa ngumi, akapiga kelele, akaimba, akatukana, akafanya kila fujo, mpaka adhuhuri ikapita. Kisha sauti ya Sihaba ikamjia, nyembamba kama uzi.

"Umenikatiza. Nilikuwa namtaja mama."

Kitanzi mtungini kilikuwa kimekaza. Kidole hakikupita tena.

Mtauliza: kwa nini asimbebe akatoka naye? Faki alifanya hivyo. Alimtoa mama yake siku ya pili, akampakata uani kwake, chini ya jua. Adhuhuri ya tatu mama yule aligeuza kichwa kuelekea nyumba ile, akajibu, kana kwamba ameitwa kutoka chumba cha pili, na jeneza likamchukulia huko uani. Swali likishaulizwa humo, hujibiwa popote.

Basi Makame akaenda kwa Bi Mize.

Bi Mize ndiye tunayemkumbuka katika hadithi hii. Alikuwa mkunga, tena alikuwa muosha maiti. Nusu ya kijiji aliipokea, nusu nyingine aliiosha, na wapo aliowapokea akawaosha. Mkono wake wa kulia ulinukia mdalasini. Mkono wa kushoto ulinukia kafuri. Watoto walipomwamkia walichungulia kwanza ameunyoosha mkono gani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa."

"Sikai, Bibi. Sihaba anaulizwa na nyumba."

Bi Mize akaacha kupepeta mtama wake. "Anaulizwa nini?"

Makame akayarudia maneno. Bi Mize akauweka ungo chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Asubuhi ya tatu akaja kwenye nyumba ya wagonjwa. Hakuita pepo. Hakuchoma ubani. Aliuliza tu, "Chumba kipi kitupu?" Akaingia kwa ubavu, akajilaza. Akalala humo muda wa mtu kula ndizi moja. Akatoka, amejaa chokaa mabegani, kulia na kushoto.

"Fundi."

"Naam, Bibi."

"Nimewalaza wengi katika kipimo hiki. Ubavu wa kulia, bega ukutani. Nakijua kwa mikono yangu. Lakini sijapata kumlaza aliye hai." Akalipukuta bega lake moja, vumbi likaanguka. "Ulipimia kamba gani?"

"Kamba yangu, Bibi."

"Makame. Mimi ndiye niliyekukata kitovu. Ulichelewa sana kulia, nikadhani umekufa. Usinidanganye, nilikujua kabla hujajua kusema."

Makame akatazama chini. Kivuli chake kilikuwa kirefu bado, lakini kilikuwa kinarudi.

"Ya ukindu," akasema.

"Ahaa." Bi Mize akaugusa ukuta kwa kiganja, kama anavyogusa tumbo la mzazi. "Basi nyumba hii haina ubaya. Haina jini, haina mchawi. Imepimwa kwa kaburi, imejifunza kazi ya kaburi. Inauliza kama anavyoitwa maiti kaburini, kwa jina la mama. Nyumba ni mtiifu, mwanangu. Hufanya ilivyoambiwa. Na aliyeiambia ni wewe."

"Nifanye nini?"

"Uiambie vingine. Lakini nyumba haibomolewi kwa mtaimbo kwanza. Hubomolewa kwa ulimi wa aliyeijenga. Piga mbiu."

"Bibi, wataniua."

"Huenda. Lakini Sihaba atakufa leo adhuhuri. Hilo halina huenda. Chagua."

Mbiu ikalia. Watu wakatoka mashambani, wakatoka visimani, wakakusanyika. Jumbe akaja na kiti chake. Makame akasimama mbele yao, ameushika mtungi. Kilemba alichovikwa akakivua, akakiweka chini. Akaitoa kamba. Ikatoka nyeusi, ndefu, na watu wakayaona mafundo.

"Nilipima nyumba hii kwa kamba ya kaburi," akasema. "Niliiba. Panya walikula yangu, nikaona haya kuomba siku. Baada ya fundo la kwanza nilijua. Nikanyamaza. Wapendwa wenu wamo humu, kumi na mmoja. Huyu wa kumi na mbili ni mke wangu. Sikusema kwa ajili ya wenu. Nimesema kwa ajili ya wangu. Hiyo ndiyo aibu yangu, na sina nyingine ya kuificha."

Kisha Faki akatoka katika watu, ameinua jembe.

"Mama yangu aliingia kwa miguu yake, Makame. Kwa miguu yake!"

Makame hakurudi nyuma. Bi Mize akaingia kati, akaipokea kamba.

"Faki, mjukuu wangu, ukitaka kumpiga, mpige. Lakini mpige baada ya adhuhuri. Sasa hivi mikono yake ina kazi."

Jembe likabaki juu. Jua lilikuwa limekaribia utosi. Kivuli, shubiri moja.

"Tubomoe wapi, Bibi?" Makame akauliza. "Sina kamba. Sina kipimo."

"Kipimo kimelala ndani." Bi Mize akauegemea ukuta, akaita kwa sauti ya uzazini, sauti ya kumwita mwanamke arudi kutoka katika uchungu wake. "Sihaba! Mwanangu! Ukilala hivyo, jicho lako liko wapi? Gonga hapo."

Bi Mize akabandika sikio ukutani.

"Gonga, mwanangu. Mvivu wee!"

Ko.

Kidogo sana, kama kifaranga ndani ya yai. Ko, ko. Makame akaweka kiganja ukutani, akakisogeza, akakisogeza tena, mpaka akaisikia ile ko ikimgonga katikati ya mkono. Palikuwa chini mno. Tangu awe fundi hakuwahi kuweka dirisha chini kiasi hicho, kimo cha goti, kwa kuwa alipima madirisha yake akiwa amesimama. Na ukuta huo ulielekea uwanja wa kuanikia mtama.

"Sogea miguuni, mke wangu!" akapiga kelele. Akachukua mtaimbo. Alichokonoa chokaa, akalivutia jiwe upande wake, lisije likamwangukia ndani. Gu! Jiwe moja. Gu! Jiwe la pili. Ukuta ulikuwa mzuri. Ewe Mola, ukuta ulikuwa mzuri! Kila sifa aliyowahi kusifiwa ilikuwa imo ndani ya chokaa ile, na kila sifa ilikataa kutoka.

Kivuli, upana wa wanda.

Kuku wakanyamaza. Upepo ukanyamaza. Mtaimbo wa pili ukasikika, gu!, na Makame alipogeuka akamwona Faki kando yake.

"Si kwa ajili yako," akasema Faki.

Nyumba ikavuta pumzi. Safari hii watu wote waliisikia, hata Jumbe kitini pake. Hhuuu.

*Umelala, umekaa, mwana wa nani mgeni?*
*Mama aliyekuzaa, aliitwa jina gani?*

"Mimi," ikasema sauti ya Sihaba ndani, tulivu, ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake, "mimi ni mwana wa..."

Kamba ikalia mkononi mwa Bi Mize: kwii. Gu! Gu! Jiwe likalegea. Makame na Faki wakalishika, mikono minne, wakalivuta, likatoka kama jino. Mwanga ukaingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu iwe nyumba. Ukamwangukia Sihaba usoni. Akafumba jicho. Akalifumbua. Akauona uwanja, mikeka, mtama uliotandazwa, na kuku mwekundu aliyesimama katikati ya mtama, ameinamisha shingo kwa raha zake.

Nyumba ilikuwa inasubiri. Watu walikuwa wanasubiri.

"Kuku yule!" akasema Sihaba. "Mtama wa nani ule? Wote mmesimama kama nguzo, kuku anamaliza chakula! Mfukuzeni!"

Pumzi ya nyumba ikatoka: haaaa. Ndefu, kama ya mchukuzi aliyetuliwa mzigo. Kuku akalia, kokoko, akakimbia. Upepo ukapita dirishani, na kitanzi kikafunguka chenyewe mkononi mwa Bi Mize.

Faki hakumpiga Makame. Hata adhuhuri ilipopita, hakumpiga. Alikaa chini, akaweka kichwa juu ya mpini wa jembe, akamlilia mama yake, na Makame hakuthubutu kumgusa.

Sihaba akapona polepole, kwa siku nyingi, na katika siku hizo Bi Mize alimwamuru Makame aijenge nyumba upya kwa kamba ya mgonjwa. Kamba hiyo ilikuwa nini? Sihaba alilala, na palipofika jicho lake pakawa dirisha. Aliita kwa sauti yake ya ugonjwa, na ilipokomea sauti pakajengwa baraza la wauguzaji, ili asiwepo anayeita bila kusikika. Alitembea akihesabiwa hatua, na palipomwishia pumzi pakawekwa kiti penye kivuli, na mti wa kushika kwa mkono njia nzima hadi chooni. Vyumba vikapanuliwa, mkeka wa pili ukapata nafasi kando ya mkeka wa kwanza. Na mlango, Bi Mize aliupima yeye mwenyewe, amemshika Sihaba kiunoni, wakapita pamoja.

"Kaburini huingia mmoja," alisema. "Kwa mgonjwa waingie wawili."

Ikabaki kamba. Bi Mize akamwambia Makame ayafungue mafundo, na kila fundo alitajie jina la aliyekufa na jina la mama yake. Akaenda nyumba kwa nyumba kuyauliza. Wengine walimpa jina na kikombe cha maji. Wengine walimpa jina na mlango. Kwa Faki alisimama muda mrefu, na Faki akamtajia. Mafundo kumi yakafunguka.

Moja halikufunguka. Lilikuwa la msafiri.

Makame aliuliza njia zote, akauliza vijiji vyote, akazeeka akiuliza. Kamba ikazikwa na fundo lake moja, ndani ya shimo ambalo hawakulipima. Na Bi Mize akaagiza, kabla naye hajaoshwa kwa mikono ya wanafunzi wake, kwamba, kwa ajili ya msafiri yule, dirisha moja la nyumba ile lisiwekewe kamwe ubao wa kufungia. Wauguzaji wa kijiji kile hufuata ada hiyo: jua likisimama utosini, mmoja wao huliendea dirisha hilo, huinama, husema, "Karibu, mwana wa mama." Kisha hungoja kidogo.

Siku nyingi hajibu mtu.

Basi, enyi wasikilizaji: nyumba hutii kipimo chake. Ukimjengea mgonjwa kama maiti, ukuta utaimaliza kazi uliyoianza. Anayetaka kumjengea mgonjwa na alale kwanza alipolala mgonjwa, atazame kutoka hapo.

Hapa ndipo hadithi yangu imefika kizingitini. Mimi nabaki nje, ninyi ingieni, wawili wawili.